Hapana Mtu Mikadini

Mbeyu wa Mung'aro alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na tisa kati ya hiyo alikuwa ameimaliza ameinama juu ya meza moja ya kioo, ghorofa ya pili ya nyumba kongwe pale Ndia Kuu, Mji wa Kale. Kazi yake ilikuwa kuchora ramani. Wapimaji walikwenda bara na vyombo vyao vya miguu mitatu, wakarudi na madaftari yenye vumbi. Bwana Zakir, mwenye ofisi, aliyakagua. Kisha Mbeyu akayageuza kuwa mistari ya wino mweusi juu ya karatasi nyembamba ipitishayo mwanga. Mkono wake ulikuwa mtulivu. Bwana Zakir hakuwa mtu wa kusifu, lakini aliwaambia wateja kwamba kisiwa kizima hakuna anayechora mto kama Bi Mbeyu.

Jumatatu moja ya mwezi wa Aprili, mwaka wa 1995, Bwana Zakir alimwekea mezani karatasi kubwa iliyochorwa kwa penseli.

"Hii yatakikana Ijumaa," alisema. "Ni ya ile kampuni ya kigeni inayotafuta madini huko nyuma ya Kilifi. Maombi yao yako serikalini tayari, inayongojwa ni ramani hii."

Mbeyu aliwasha taa iliyo chini ya kioo, akabandika karatasi nyembamba juu ya ile ya penseli, akaanza na mto kama alivyozoea. Mto ulitoka kaskazini, ukajikunja kama kiwiko, ukajikunja tena, ukapita chini ya kilima chenye vichwa vitatu. Mkono wake ulisimama kabla yeye mwenyewe hajajua kwa nini. Alitazama kile kiwiko cha pili. Hapo alikuwa ameogea utoto wake wote. Hapo ndipo wanawake wa kwao walipochota ule mchanga mweusi, mzito kama risasi, wakausugulia vyungu mpaka vikang'aa.

Alipandisha macho kutoka mtoni hadi pale kijiji chao, Mikadini, kilipostahili kuwa. Hapakuwa na nyumba. Hapakuwa na njia, wala kisima, wala shamba. Palikuwa na weupe wa karatasi, na katikati yake maneno matatu ya penseli yaliyoandikwa kwa mwandiko safi: Pori. Hapana wakaaji.

"Bwana Zakir," aliita. Aliisikia sauti yake kama ya mtu aliye chumba cha pili. "Hapa pana kosa."

"Kosa gani?"

"Hapa ni kwetu."

Bwana Zakir alikuja, akavaa miwani, akainama. "Hapa wapi?"

"Hapa palipoandikwa pori. Hapa nilizaliwa. Babangu anakaa hapa. Mamangu na nyanyangu wamezikwa hapa, na vigango vya wazee, zile nguzo zao za mbao, vimesimama hapa, juu ya makaburi. Kakangu mkubwa nyumba yake iko hapa, penye hii herufi. Nyumba zetu ni kumi na tisa, Bwana Zakir. Kumi na tisa!"

Bwana Zakir hakubisha. Alikwenda kabatini akaleta daftari la mpimaji, akatafuta ukurasa, akausoma polepole.

"Februari, tarehe kumi na nne. Tumefika saa nne asubuhi. Tumekuta vibanda, vingine havina paa. Majivu ni ya baridi, vyungu vimevunjwa milangoni. Hapana watu wala mifugo. Tumekutana na mzee mmoja, mgema mpita njia, jina lake Kazungu. Asema mji huu ulikufa kwa maradhi, waliobaki walihama, na minazi yajiotea yenyewe. Tumempa sigara."

Kalamu ilimponyoka Mbeyu. Wino ukamwagika juu ya kiwiko cha mto, ukaenea, na hakuna aliyeufuta.

Alikuwa Mikadini mwezi wa Desemba. Alimwacha baba yake akipanda juu ya mnazi na miaka yake sitini na tano. Aliacha watoto wa kaka zake wakigombania miwa. Tangu siku hiyo hakupata barua, lakini kwao barua hazikuwa jambo la kawaida, naye hakushtuka. Maradhi gani yanayoua nyumba kumi na tisa kati ya Desemba na Februari, na habari isifike Mombasa?

Hakuomba ruhusa. Alishuka ngazi mbilimbili, akapita vichochoro akigongana na watu bila kutaka radhi, akatokea soko la Marikiti, kiatu kimoja kimekatika ukanda. Palikuwa na mwanamke aitwaye Sidi aliyeuza machungwa yaliyotoka upande wa kwao kila wiki. Mbeyu alimkuta ameketi juu ya gunia, anakula muhogo.

"Dada Sidi, Mikadini kuna nini?"

"Mikadini?" Sidi alimeza. "Kuna machungwa haya. Kwani?"

"Babangu yuko hai?"

Sidi alimtazama kwa hofu, kama mtu anayetazama aliyepandwa na pepo. "Nilimwona juzi akimtukana punda. Alikuwa hai sana."

Mbeyu aliketi chini pale pale, kati ya majani ya kabeji na maganda, akajifunika uso kwa leso. Alipoweza kusema tena alimwambia Sidi, "Mwambie aje. Aje upesi. Usimwambie kitu kingine."

*

Mzee Mung'aro alifika Alhamisi asubuhi, amevaa shati jeupe alilonunuliwa kwa ajili ya arusi ya mwanawe, na kikapu cha nazi begani. Mbeyu alikuwa amepanga chumba Bondeni katika nyumba ya Bi Mwanakuu, mjane wa makamo, na huko ndiko mzee alikopokewa.

"Karibu, mzee, starehe," alisema Bi Mwanakuu, akimwekea kiti uani penye kivuli. "Watu wa huko hawajambo?"

"Hatujambo sote, Bibi. Ila huyu mama yangu ndiye sijui ana nini." Mung'aro alimwita bintiye mama tangu siku alipozaliwa, kwa kuwa jina la Mbeyu lilikuwa la mamake mzee. Alimgeukia. "Mama, umeniita kama mtu anayeitwa matangani. Nani amekufa?"

"Karatasi yasema mmekufa nyote," alijibu Mbeyu.

Akamweleza. Ofisini hakurudi tangu Jumatatu isipokuwa mara moja, kusema kwamba ramani ile hataigusa. Alimweleza baba yake habari za pori, za vyungu vilivyovunjwa, za wapimaji, na alipofika kwa yule mgema mpita njia sauti yake ilipanda.

"Nataka unambie, baba. Ni nani huyu Kazungu? Nani huyu aliyesimama katikati ya mji wetu akasema tumekufa? Nikimpata nitamvunja meno kwa mkono wangu."

Midomo ya mzee ilianza kutetemeka. Mbeyu alidhani atalia, akanyoosha mkono amshike. Lakini mzee alikuwa anacheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akajipiga paja, akamtazama Bi Mwanakuu ili naye apate sehemu yake.

"Meno yenyewe yamebaki manne, mama. Utavunja lipi?"

Mbeyu hakuelewa. Kisha akaelewa.

"Ni mimi!" alisema Mung'aro kwa fahari. "Kazungu ni mimi! Ee, laiti ungaliona. Tuliisikia gari ikinguruma ng'ambo ya bonde, bado mwendo wa saa nzima. Nikasema, haya, kila mtu na kazi yake. Wanawake na mbuzi, msituni. Watoto wakaambiwa atakayekohoa atakula kofi. Kakako na mimi tukaezua mapaa mawili, moto tukauzima kwa maji, majivu tukayapoza. Shangazi yako Kadzo akavunja vyungu milangoni kama nyumba ya matanga. Alilia kweli, vilikuwa vyungu vizuri. Kisimani tukaweka miiba. Na mimi nikachukua kibuyu cha tembo, nikakaa njiani kama mtu anayepita."

"Nao wakaamini?" aliuliza Bi Mwanakuu, ambaye alikuwa anachambua mchele na tayari anatabasamu.

"Bibi, watu wa mjini ukiwaambia mnazi wajiotea msituni, wanaandika! Yule kijana wao alivua kofia, akanipa pole. Sigara zao zilikuwa mbaya."

Bi Mwanakuu alicheka. Kisha alimtazama Mbeyu, na kicheko kikamkauka, akauweka ungo chini.

"Kwa nini, baba?" Mbeyu aliuliza.

Mzee alishangaa kuulizwa. "Kwa nini? Wewe hujui? Sikukuhadithia?" Fahari ilimpungua kidogo. "Nilikuwa na miaka minane. Tulikaa karibu na pwani, babu yako Kalume alikuwa na shamba zuri kushinda la Mikadini. Wakaja watu wenye kalamu, wapole sana. Wakaomba maji ya kunywa, wakauliza: mzee, jina lako? Una watoto wangapi? Nyumba ngapi? Minazi mingapi? Baba akawahesabia yote, akawachinjia jogoo. Miezi sita baadaye wakaja wengine na karatasi. Nchi ilikuwa ya mtu mwingine siku zote, walisema, sisi tulikuwa tumejiweka. Wakatia moto. Baba akasema kosa letu lilikuwa kujihesabisha. Tukatembea siku mbili, kila mtu na mche wa mnazi kichwani, hata mimi, mpaka Mikadini, mahali ambapo hapakuwa na njia ya gari. Na pale akatuapisha: mtu mwenye kalamu akija, hapana mtu. Tangu siku hiyo hatukuhesabiwa. Na tangu siku hiyo hatukuchomewa. Miaka hamsini na saba, mama! Mimi nimelima, kakako amelima, watoto wake wameshashika jembe. Kwa hilo neno moja."

Jirani alikuwa anatwanga kitu, twi, twi, twi.

"Baba," Mbeyu alisema, "hawa hawakuja kuhesabu watu. Wanautaka ule mchanga mweusi. Una madini ndani yake, yanayotakiwa Ulaya. Na sheria iko hivi: penye watu, lazima watu waulizwe kwanza. Pasipo na watu, hapana wa kuulizwa. Wanapewa tu."

"Rudia."

Alirudia. Mzee alisimama. Akaketi. Akasimama tena kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi, kisha akaweka kiganja juu ya mdomo wake, na kiganja kile hakukiondoa kwa muda mrefu. Uso wake uligeuka rangi ya majivu. Mbeyu hakuwahi kumwona baba yake akiogopa. Hata chui alipoingia zizini hakumwona hivyo.

"Basi ni ulimi wangu," alisema hatimaye, sauti ndogo. "Walichokichukua zamani kwa moto, mimi nimewapa kwa ulimi wangu. Na nikawacheka."

*

Tangazo lilikuwa limetoka gazetini mwezi mzima uliopita: wenye pingamizi wafike mbele ya kamati, Mombasa, tarehe kumi na tisa Mei. Mikadini hakuna aliyelisoma. Ilibidi kuonyesha kwamba watu walikuwapo, na walikuwapo tangu zamani. Lakini kwa lipi? Ukoo ulikuwa umetumia nusu karne kuhakikisha hakuna karatasi hata moja duniani yenye jina lao. Hawakuwa na hati, wala risiti ya kodi ya kichwa, wala cheti cha kuzaliwa. Mbeyu mwenyewe alipoanza shule alisajiliwa kwa anwani ya padri wa misheni.

Usingizi ulimpaa siku mbili. Siku ya tatu, asubuhi, akiwa anasonga nywele, alikumbuka kabati la chuma lililokuwa nyuma ya mlango wa ofisi. Ndani yake kulikuwa na picha zilizopigwa kwa ndege zamani za ukoloni, wakati serikali ilipotaka kuichora pwani yote. Alikwenda na baba yake moja kwa moja hadi Ndia Kuu.

Bwana Zakir aliwaamkia kwa adabu, akamwagizia mzee kahawa. Alipoelezwa wanachotaka, alikaa akigeuzageuza kifuniko cha kalamu.

"Picha ziko," alisema. "Za mwaka 1954. Lakini Bi Mbeyu, kampuni ile ni mteja wangu. Nitawezaje kuchora ramani yao kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili mfanyakazi wangu anachukua vitu vya ofisi yangu kwenda kuipinga? Ofisi hii itafungwa. Nina watu sita wanaonitegemea."

"Kwa hiyo huwezi kunipa."

"Mfanyakazi wangu siwezi." Alikirudisha kifuniko mahali pake. "Mteja naweza. Mtu yeyote akiingia kwa mlango ule akataka nakala ya picha, ni haki yake, nami ni kazi yangu kumtolea. Ila hapa sioni mteja. Namwona mchoraji wangu wa miaka tisa."

Mbeyu alimwelewa. Kazi ile ilikuwa ndiyo kodi ya chumba na ndiyo dawa za watoto wa kaka zake. Tena ndiyo kitu pekee alichokijua vyema. Alivuta kipande cha karatasi nyembamba, akachovya kalamu, akaandika mistari miwili ya kuacha kazi kwa ule mwandiko wake wa ramani, uliosimama wima. Aliiweka mbele ya Bwana Zakir. Kisha akatoka nje ya mlango, akausukuma, akaingia tena.

"Asalaam aleikum," alisema. "Nataka nakala ya picha."

Bwana Zakir hakumtazama usoni. "Waleikum salaam," alijibu. "Karibu. Ya mahali gani?"

Ilimchukua zaidi ya saa kuzipata. Zilikuwa picha mbili za mahali pamoja, zilizopigwa ndege ikiwa imesogea kidogo. Bwana Zakir aliziweka ubavu kwa ubavu mezani, akaleta kile kioo cha miguu minne cha kutazamia kwa macho mawili, akakisawazisha juu yake mwenyewe, kwa uangalifu, kama fundi saa.

"Tazama, mzee. Weka macho hapa. Ngoja mpaka picha mbili ziwe moja."

Mung'aro aliinama. Ghafla aliruka nyuma kwa nguvu, kiti kikaanguka, na mkono wake ukakamata ukuta.

"Ziko juu!" alipiga kelele. "Zimesimama! Minazi imesimama ndani ya karatasi!"

"Ndivyo kioo kinavyofanya, baba. Usiogope. Tazama tena."

Alirudi polepole, mikono imeshika ukingo wa meza. Pumzi yake ilitia ukungu ule uso wa kioo, Bwana Zakir akaufuta kwa leso yake. Mzee alitazama tena.

"Hii njia ya kisimani," alinong'ona. "Hii... hii ni mikanju ya baba, ile ya korosho, safu nne. Ilikuwa midogo hivi." Kidole chake kilisogea hewani bila kugusa. "Na hapa ni kwa mama. Nyumba ya mama. Ua wake mweupe, aliufagia kila alfajiri mpaka ukawa kama sahani. Mama, njoo uone ua wa jina lako."

Mbeyu aliinama baada yake. Alichora maelfu ya mashamba ya watu katika maisha yake. Hakuwahi kuona lake. Nyumba saba zilisimama kutoka kwenye karatasi, na kivuli cha kila moja kimelala upande mmoja, na njia nyembamba ikishuka hadi kiwiko cha mto.

Alipoinua kichwa, baba yake alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani.

"Naikumbuka ile ndege," alisema. "Ilipita, ikarudi. Nilikuwa kijana nimeshaoa. Baba akatupigia kelele, tukakimbilia chini ya mikanju, sote, tukalala kifudifudi mpaka ikaondoka. Alituhesabu vichwa baadaye, akafurahi sana. Akasema, hawakutuona." Alimtazama Bwana Zakir kama anayetaka kukanushwa. "Sisi tulilala. Nyumba hazikulala. Kumbe walikuwa wametuona. Miaka yote hii, mimi najificha, na mimi nimewekwa kabatini."

*

Kamati ilikaa katika ukumbi wenye feni mbili, moja ikiwa mbovu. Mwenyekiti alikuwa ofisa mmoja mwanamke, Bi Wanza, mwenye sauti ya chini na macho yasiyopepesa. Wakili wa kampuni alikuwa kijana mtanashati aliyejua Kiswahili kizuri. Mbeyu alizionyesha picha, akaeleza, akazikabidhi. Mambo yalikuwa yanakwenda vyema mpaka wakili aliposimama na daftari la mpimaji mkononi.

"Picha ni ya mwaka 1954," alisema. "Hatukatai kwamba zamani palikaa watu. Swali ni leo. Mwezi wa Februari wapimaji walifika, na shahidi wa pale pale aliwaambia mji umekufa. Shahidi huyo hana faida yoyote na kampuni. Ni mzee mmoja mgema, jina lake Kazungu. Kama wenzetu wanaye mtu wa kumpinga, wamlete."

Mbeyu alimgeukia baba yake. Mzee alikuwa ameshasimama.

"Ni mimi Kazungu," alisema.

Ukumbi ulishikwa na bumbuazi. Hata wakili aligeuka kumtazama mpimaji wake, kijana aliyeketi safu ya nyuma, na kijana yule akainuka nusu, kinywa wazi. "Ni yeye," alisema. "Wallahi ni yeye."

"Mzee," alisema Bi Wanza, "unajua unachokisema? Ulisema wao wamekufa, na leo unasema wako. Ulidanganya siku ile, au unadanganya leo?"

"Siku ile."

"Na kwa nini kamati imwamini mtu anayedanganya?"

Mung'aro aliusimulia ule moto wa utotoni, na ile miche kichwani, kwa maneno machache kuliko alivyomsimulia bintiye, na safari hii hakucheka. Kisha akasema, "Mwenyekiti, miaka hamsini na saba hakuna mtu mwenye kalamu aliyepata jina langu. Leo nakupa. Naitwa Mung'aro wa Kalume. Andika."

Karani alishika kalamu. "Linaandikwaje?"

Mzee hakujua. Alimtazama bintiye, na Mbeyu akalitaja herufi kwa herufi, na ile alama ya juu baada ya herufi g. Mzee akaendelea, majina ya wote, nyumba kwa nyumba, wakubwa kwa wadogo, hata mtoto wa siku arubaini ambaye Mbeyu hakuwa amesikia kuzaliwa kwake. Ilichukua muda. Bi Wanza hakumkatiza.

Uamuzi ulisomwa saa nane mchana. Ramani ilirudishwa. Mikadini ipimwe upya mbele ya wenyeji, na mpaka hapo kampuni isiguse penye nyumba, makaburi na mashamba ya juu. Lakini bonde la mto, ambamo walipanda mpunga, halikuonekana na kilimo kwenye picha ya zamani, kwa sababu picha ilipigwa wakati wa kiangazi. Kwa hilo, maombi ya kampuni yangeendelea kusikilizwa.

"Bonde ndilo lenye mchanga," Mbeyu alimnong'oneza baba yake.

*

Walipotoka Mbeyu alimpeleka baba yake ufuoni, pale Mama Ngina, kupunga upepo, maana hakujua wapi kwingine pa kumpeleka mtu mwenye uso ule. Watu walikuwa wengi, watoto wanakimbizana, wauza mihogo wanapepea majiko. Alimnunulia muhogo wa kuchoma wenye ndimu na pilipili, mzee akaushika bila kuula mpaka ukapoa.

"Wamewaandika wote," alisema. "Nimewatoa mmoja mmoja kwa mdomo wangu, hata kile kichanga. Baba angekuwa hai angenipiga."

"Baba, umewaokoa."

"Huenda." Alitazama bahari bila kuiona. "Siku ile nilisema hapana mtu, nikawa na hakika nimewaokoa. Nilikuwa na hakika kabisa, mama. Sasa hivi sina hakika. Sijui tofauti yake. Kifua chapiga vile vile."

Mbeyu aliuchukua ule muhogo, akaukata katikati, wakaula.

Wapimaji walirudi Mikadini mwezi wa Agosti. Mbeyu alikuwa huko, si kwa mshahara wa mtu, ameshika ncha ya utepe wa kupimia. Watu walisimama mbele ya nyumba zao kama walivyoagizwa, wamevaa nguo za sikukuu, wengine wamefumba macho kama wanaongoja sindano. Nyumba kumi na nane ziliandikwa. Ya kumi na tisa ilikuwa ya shangazi Kadzo, na Kadzo hakuonekana. Mung'aro alimwita kutoka ukingoni mwa msitu tangu asubuhi, akamsihi, akamtukana, akamwapia kwa vigango vya wazee. Mpimaji alingoja mpaka jua likaegemea, akafunga daftari.

Kadzo alitoka jioni, mbuzi wake nyuma, miiba kwenye nywele, akamkuta Mbeyu ameketi kizingitini pake. "Wameenda?" aliuliza. Alipoambiwa kwamba shamba lake halimo, aliguna tu, akaingia ndani kuwasha moto. Mbeyu alikaa pale kizingitini na karatasi magotini, akaanza kuandika barua ya kwanza ya kulidai, na hakujua bado kwamba zingekuwa barua kumi na moja.